Majina ya Waliosubiri Nje ya Boma

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Huenda kwa hesabu ya miaka ni mimi niliyestahili kuamkiwa, maana nimeshatimiza miaka 72. Lakini marehemu mama alinifundisha kwamba mtu aliyebebeshwa dhamana ya wengi huamkiwa kwa umri wa wote aliowabeba. Basi naomba uipokee shikamoo yangu, na juu yake niongeze ya nyumbani: kamwene.

Naomba radhi kwa mambo mawili kabla sijasogea mbali. La kwanza ni kukuandikia hadharani badala ya kufuata njia ya masijala, kama nilivyofundisha watoto wa watu kufanya kwa miaka yote niliyoshika chaki. Sikufanya hivyo kwa kukosa adabu, wala kwa nia ya kukuweka mahali pagumu mbele ya watu. Nimefanya hivyo kwa sababu jambo lenyewe si langu peke yangu. Wenzangu walioficha makaratasi ya wazazi wao masandukuni wako Kihesa, wako Mlandege, wako Kalenga na Ifunda, na barua iliyofungwa ndani ya jalada la serikali hawataiona. Nimetaka waisikie ikisomwa. La pili ni urefu wa barua. Najua muda wako si wako. Ukiisoma nusu leo na nusu kesho, nitashukuru vilevile.

Linalonileta mbele yako ni nyumba. Katikati ya mji wa Iringa lipo jengo ambalo sote tunaliita Boma. Wajerumani walilijenga mwaka 1914 liwe hospitali. Vita Kuu ikawakuta humo humo, na tarehe 29 Agosti 1916 majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Northey yakaingia mjini, kwa hiyo aliyejenga hospitali hakuwahi kuitumia miaka mitatu kamili. Waingereza wakaifanya ofisi za utawala, na baada ya Uhuru serikali yetu ikaendelea kukaa humo. Mwaka 2016, kwa kazi kubwa ya mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa na msaada wa Umoja wa Ulaya, nyumba ile ikafunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa. Nilikwenda. Niliingia taratibu kama mtu anayeingia msibani, nikatoka nikiwa nimenyooka mgongo. Kwa hiyo, Mheshimiwa, kabla ya ombi nina shukrani. Mahali pengine nyumba za namna hii zimeachwa mvua izimalize. Yetu ilipigwa chokaa, ikafungwa milango mizima, na mtoto wa darasa la nne anaweza kuingia akaona mkuki na kikapu cha milulu, akaambiwa kwamba watu wake walikuwepo kabla ya hizo kuta.

Niruhusu nikae kidogo kwenye jina la mahali hapo, maana ombi langu limejificha humo. Sisi Waswahili tunapolitaja boma tunamaanisha uzio, ua wa miti au wa mawe wa kuzuia adui na fisi. Mzungu alipokuja akajenga kuta zake, neno likahamia kwake, na baada ya muda ukisema “nimeitwa bomani” hakuna aliyefikiri juu ya ng'ombe. Kila mtu alijua umeitwa na serikali. Sasa Iringa nayo ni hivyo hivyo. Wazee wanasema jina limetoka kwenye neno la Kihehe, *lilinga*, yaani ngome, na lilinga waliyokuwa wakiitaja ilikuwa Kalenga, ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, yenye ukuta wa mawe. Ngome hiyo ilivunjwa kwa mizinga tarehe 30 Oktoba 1894. Mwaka 1896 ofisa wa Kijerumani Tom von Prince, mmoja wa walioongoza mashambulizi yale, akaanzisha mji mpya hapa juu mlimani, na mji huo ukabeba jina la ngome aliyoivunja. Ndiyo kusema tunapotamka “Boma la Iringa” tunatamka ngome mara mbili, moja ya aliyeshindwa na moja ya aliyeshinda, kwa pumzi moja. Von Prince mwenyewe alikufa vitani Tanga mwezi Novemba 1914, mwaka ule ule nyumba yetu ilipojengwa.

Habari za hao wawili zinafahamika vizuri. Vitabu vipo. Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, mahali Wahehe walipolifyeka jeshi la Kijerumani la Zelewski, pana mnara. Kalenga pana makumbusho yake, na fuvu la Mtwa limehifadhiwa humo kwa heshima inayostahili. Ninachokuja kukuomba kinawahusu watu wa tatu, ambao si Mkwawa wala si von Prince. Ni waliokaa kwenye benchi.

Baba yangu alikuwa tarishi bomani. Alianza kazi wakati wa Waingereza, na siku ya Uhuru ilipopita aliamka kesho yake akaenda kukaa pale pale. Alivaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe, na kifuani alikuwa na beji ya shaba ambayo kila Jumapili jioni aliisugua kwa majivu na ndimu. Kazi ya kusugua aliniachia mimi nilipofikisha miaka saba. Nakumbuka jinsi majivu yalivyokuwa yakiingia kwenye mikunjo ya herufi, ikabidi niyatoe kwa kijiti cha ufagio, herufi moja baada ya nyingine. Ndivyo nilivyojifunza kusoma, Mheshimiwa, kabla sijaingia darasani.

Nje ya ofisi, ukutani, kulikuwa na benchi refu la mbao. Baba alisema mbao zile zilikuwa laini kuliko meza ya Bwana Shauri, yule ofisa wa Kiingereza aliyesikiliza mashauri, maana hakuna fundi aliyezipiga randa ila makalio ya watu. Waliketi pale tangu alfajiri. Na Iringa unaijua, Mheshimiwa. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya alfajiri huingia mpaka kwenye mifupa, na wengi walikuwa wamelala njiani wakitoka vijiji vya mbali, wamejitanda migolole tu. Alikuwepo mama aliyedhulumiwa ng'ombe na shemeji. Alikuwepo jumbe aliyeleta fedha za kodi zimefungwa kwenye pindo la nguo, akizishika kwa mikono miwili. Alikuwepo aliyeomba kibali cha pombe ya harusi. Alikuwepo kijana ambaye hakuwa na shauri lolote, aliitwa tu, na hakujua kwa nini.

Sasa naomba usikilize jinsi shauri lilivyosafiri, maana hapa ndipo penye uzito wote wa barua hii. Mtu alieleza jambo lake kwa Kihehe. Baba akalichukua akalisema kwa Kiswahili kwa karani. Karani akalichukua akalisema kwa Kiingereza kwa Bwana Shauri. Bwana Shauri akaandika sentensi mbili au tatu kwenye kitabu. Baba alikuwa akisema kwamba mtu anaingia na mzigo wa kuni, na kinachofika mezani ni kijiti cha kibiriti. Hakulisema hilo kwa kumlaumu karani, ambaye walikuwa marafiki hadi kufa. Alilisema kwa kujilaumu yeye, kwamba labda angetafuta neno zuri zaidi. Mama yule wa ng'ombe alilia, akasema maneno ya Kihehe ambayo baba hakuyapatia Kiswahili chake, akamwambia karani tu kwamba “amehuzunika”. Alikumbuka jambo hilo miaka thelathini baadaye, akiwa mgonjwa kitandani.

Kile kijiti cha kibiriti ndicho kilichohifadhiwa. Vitabu vya wilaya vya enzi ya Waingereza vimetunzwa Dar es Salaam kwenye Kumbukumbu za Taifa, na watafiti wa kutoka mbali wamevisoma na kuviandikia. Mzigo wa kuni wenyewe ulibaki kwenye vichwa vya waliokaa kwenye benchi na watoto wao. Vichwa hivyo, Mheshimiwa, tunavizika. Kwa unyenyekevu wote nasema hivi: sisi tuliowaona waliosubiri tumebaki wachache, na wao wenyewe waliosubiri unaweza kuwahesabu kwa vidole. Jirani yangu mmoja, bibi aliyevuka miaka 90, bado anakumbuka alivyopelekwa na mama yake bomani akiwa mtoto, na anamkumbuka mtu aliyewapa maji ya kunywa. Anapotaja jina la mtu huyo huinua mkono kama anayemsalimu. Hajawahi kuulizwa na yeyote zaidi yangu, na mimi sina hata kifaa cha kurekodia kinachofaa.

Naomba sasa nikueleze juu ya karatasi moja niliyonayo.

Ni stakabadhi ya kodi ya mwaka 1938, ya babu yangu mzaa baba. Ni nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Ilikunjwa mara nne, na kwenye mikunjo imetoboka, ukiifungua inabaki mikononi kama dirisha la vioo vinne. Muhuri ni wa wino wa zambarau, nusu yake umeingia kwenye karatasi na nusu nyingine ulibaki kwenye kitabu cha karani. Tarakimu ya shilingi imeliwa na nondo. Jina la babu lipo, ila limekosewa herufi moja, na kwa kosa hilo lingeweza kuwa jina la mtu mwingine kabisa. Hakulisahihisha maisha yake yote. Hakujua kusoma, alijua tu kwamba karatasi ile isipotee. Aliishona ndani ya kifuko cha ngozi ya mbuzi na kuivaa shingoni, kwa sababu mtu akikamatwa njiani bila stakabadhi alichukuliwa akafanye kazi ya kufidia kodi, awe amelipa au hajalipa.

Na ili kuilipa alikwenda manamba. Mheshimiwa unalijua neno hilo, lakini vijana wengi siku hizi hulisikia wakadhani ni jina la kabila. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha huku milimani hazikuoteshwa shambani wakati ule. Zilikuwa kwenye mashamba ya mkonge ya Kilosa na Tanga. Basi mtu aliandikishwa, akapewa namba, akapakiwa, na kwa namba hiyo akaitwa asubuhi na jioni mpaka mkataba uishe. Babu alirudi na blanketi moja, na kikohozi ambacho hakikumwacha. Bibi alitusimulia kwamba usiku wa kwanza nyumbani alimwita jina lake, na babu akachelewa kuitika.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Mtu aliitwa kwa namba hadi jina lake likawa geni masikioni mwake, na karatasi pekee yenye jina lake ikawa imelikosea. Hiyo ndiyo kumbukumbu rasmi ya babu yangu hapa duniani. Sina nyingine.

Kuna sababu naling'ang'ania hili la majina, na naomba unisikilize kwa uvumilivu kidogo. Mtwa Mkwawa alipokufa tarehe 19 Julai 1898, kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Baada ya vita, mwaka 1919, Mkataba wa Versailles ulipoandikwa, kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu lake ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Lakini lilirudi, na lilirudi kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikwa mahali. Gavana Twining wa Tanganyika alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu rafuni, yakapimwa, moja likachukuliwa. Tarehe 19 Juni 1954 likakabidhiwa kwa Mtwa Adam Sapi pale Kalenga. Mama alikuwepo, mimi nikiwa mgongoni mwake sijatimiza hata mwaka mmoja na nusu. Alisema watu walikuwa wengi na kimya chao kilikuwa kizito.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza baba swali ambalo hakunijibu: yale mengine yaliyobaki rafuni yalikuwa ya nani? Nayo yalikuwa vichwa vya watu. Nayo yalikuwa na mama zao. Hayakuombwa kwa sababu hakuna mkataba ulioyataja. Na hata mwenye jina bado anahangaikiwa: Nduna Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na ukoo wake unatafuta kichwa chake hadi leo. Rais Steinmeier wa Ujerumani alipofika Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha, aliahidi kusaidia kukitafuta. Nililia mbele ya televisheni siku ile, sioni haya kukuambia. Anayetajwa hutafutwa. Asiyetajwa hukaa rafuni.

Ndiyo maana naomba, kwa heshima na taadhima, kwamba ndani ya Boma letu itengwe sehemu ya waliosubiri. Hata ukuta mmoja. Hata upande mmoja wa chumba kidogo. Katika sehemu hiyo yaandikwe majina yao, kwa kadiri yatakavyopatikana: matarishi, makarani, wapagazi, wapishi, wafagizi, wagonjwa wa ile hospitali ya mwanzo, waliochonga mawe na kuyabeba, waliokuja na mashauri wakarudi nayo. Yasiandikwe kwa utukufu. Jina, kijiji, na alikuja bomani kwa jambo gani.

Kwa kuyapata majina hayo nakuomba utume vijana. Tunao vijana waliosoma historia na mambo ya kale vyuoni, wengine wako nyumbani wanasubiri ajira. Wapewe vinasa sauti, wapelekwe kwa wazee kabla ya masika mengine, nao wawahoji kwa Kihehe, kwa Kibena, kwa lugha yoyote ambayo mzee alililia nayo. Naomba sana wasiwahoji kwa Kiswahili. Nakipenda Kiswahili, nimekifundisha maisha yangu yote, lakini baba aliniachia lile neno moja la yule mama wa ng'ombe ambalo hakulipatia tafsiri, na sitaki tulipoteze neno hilo mara ya pili. Tafsiri itakuja baadaye, iandikwe chini yake, kwa utulivu, na watu wenye muda ambao baba hakuwa nao.

Pia naomba nakala za vile vitabu vya wilaya vinavyotuhusu zirudi Iringa. Nafahamu kwamba Kumbukumbu za Taifa haziko chini ya wizara yako, na sithubutu kukutuma kwenye ofisi ya mwenzako. Naomba tu kwamba mkikutana, neno moja lipite. Mtoto wa Iringa asilazimike kusafiri usiku kucha hadi Dar es Salaam ili asome kilichoandikwa juu ya bibi yake.

La mwisho ni dogo kwa ukubwa wake, lakini ndilo linaloniuma, na naomba univumilie nikilisema. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na picha ya baba. Alikuwa amesimama mbele ya Boma, kaptura na beji, mikono nyuma. Alipigwa na mpiga picha wa mjini, na ilikuwa picha pekee aliyowahi kupigwa akiwa kazini. Watu wa ofisi moja walinifuata wakaniomba niwaazime kwa ajili ya maonyesho. Sitaitaja ofisi hiyo, na tafadhali Mheshimiwa usiniombe niitaje, maana waliofanya kazi humo walikuwa watu wema na wengi wamestaafu. Niliwapa kwa mikono miwili. Nilipofuatilia niliambiwa nirudi wiki ijayo, nikarudi. Nikaambiwa mhusika amehamishwa, nikangoja. Mwisho nikaambiwa hakuna daftari linaloonyesha kwamba picha iliwahi kupokelewa. Na ni kweli, halikuwepo. Sikupewa karatasi yoyote.

Nilirudi nyumbani nikaifungua stakabadhi ya babu, nikaitazama hadi jua likazama. Serikali ya watu waliotutawala kwa nguvu ilimpa babu yangu karatasi yenye muhuri kwa zile shilingi ilizomchukulia. Mimi, kwa picha ya baba yangu niliyoitoa kwa hiari kwa watu wangu, sikupewa kitu. Sisemi haya kwa kulinganisha tawala, Mungu apishe mbali. Ninaomba tu kwamba kila makumbusho ya mkoa na wilaya iwe na daftari la mapokezi, na kila mwananchi anayeleta kitu cha wazazi wake, kiwe kigoda, kiwe kibuyu, kiwe kipande cha karatasi, aondoke na stakabadhi yenye jina lake lililoandikwa sawasawa, baada ya kuulizwa linavyoandikwa. Watu wataleta, Mheshimiwa. Wana vitu vingi sana. Wanavyo na wanaogopa.

Haya hayahusu Iringa peke yake. Arusha nao wana Boma lao la mwaka 1900 lililogeuzwa makumbusho. Bagamoyo wana lao la mwaka 1897, Mikindani wana lao la 1895 lililogeuzwa hoteli. Kote huko kulikuwa na benchi, na matarishi, na watu waliolala njiani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda kwa umri wake majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Haya ya juzijuzi ya enzi za ukoloni yanategemea kalamu ya Waziri. Nimeisoma sheria hiyo nikafurahi kwamba kalamu hiyo iko mkononi mwako, nikaona ni vyema mwenye kalamu apate kusikia habari za waliokuwa wakisubiri kalamu.

Kuna wanaosema nyumba kama hii ingebomolewa, kwamba kuihifadhi ni kumhifadhi aliyeijenga. Nawaheshimu wanaosema hivyo. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao, na alikuwa na alama mgongoni. Lakini mimi nimezishika kuta zile kwa viganja vyangu. Jiwe halijibebi kutoka korongoni. Mikono iliyolibeba haikuwa ya von Prince, na kila siku ambayo ukuta umesimama, kazi ya mikono hiyo nayo imesimama. Ningeomba tu mikono hiyo ipewe wenyewe.

Mheshimiwa Waziri, ratiba yako ikikuleta Iringa, nakuomba ufike Bomani asubuhi, kabla ya jua kupata nguvu, ukae nje ukutani kwa dakika chache. Sitakusumbua kwa hotuba wala kwa ngoma. Nitakuja na yule bibi jirani yangu, miguu ikimruhusu, akutajie jina la mtu aliyewapa maji. Ningependa uwe wa pili kulisikia.

Stakabadhi ya babu nimeitoa kwenye kifuko cha ngozi, maana ngozi ilikuwa imeanza kuitafuna. Nimeiweka kati ya karatasi mbili safi ndani ya kitabu kikubwa, mbali na moto wa jikoni, na kifuko nimekiweka pembeni yake. Vyote viwili nitavileta mwenyewe, kwa miguu yangu, siku nitakayoambiwa kwamba daftari limefunguliwa. Jina la babu nitamtajia karani herufi kwa herufi.

Nakutakia afya njema na busara katika majukumu yako mazito. Ukiona mahali popote katika barua hii nimevuka mpaka, naomba unihesabie kuwa ni uzee na mapenzi, si dharau.

Wako mtiifu,

Binti wa tarishi wa Boma,
Iringa